Wasiwasi Wenye Mpini na Usio na Mpini

Haya ni maandishi ya mazungumzo kuhusu afya ya akili kwa wakazi wa kaunti. Yamechapishwa kwa ajili ya waliokosa nafasi ya kuyasikiliza, na kwa wanaotaka kuyasoma polepole nyumbani.



Mazungumzo haya yanaanza na mama mmoja na simu yake. Mama huyu si mtu fulani wa kijiji fulani. Ni mfano uliokusanywa kutoka kwa mambo ya kawaida ambayo kila mtu hapa ameyaona. Ana miaka hamsini na kitu, anauza mboga sokoni, na mwanawe wa pili anaendesha boda boda. Tangu jirani yake ampoteze kijana wake barabarani, mama huyu hana amani. Kila baada ya nusu saa humpigia mwanawe simu. Kijana akishika, moyo hutulia kwa dakika kumi hivi. Asiposhika, mama huuona mwili umelala kando ya lami. Huuona umati umekusanyika na gari la polisi likifika, na mawazo humpeleka hadi kwenye kamati ya mazishi, nani atakuwa mweka hazina. Mikono hutetemeka, jasho humtoka, na chenji ya wateja humchanganya. Usiku hapati usingizi. Amekwenda zahanati kupima presha mara tatu na mara zote ameambiwa iko sawa. Majirani wanasema ana mawazo mengi. Shemeji yake anasema amerogwa.

Mama huyu si mwendawazimu wala si mwoga. Ajali za boda boda ni kweli, na jirani alizika mtoto kweli. Hapo ndipo ugumu ulipo, kwa sababu mtu akimwambia "acha kuwaza" hamsaidii hata kidogo. Yeye mwenyewe angependa kuacha. Amejaribu.

Inafaa kuanza na mwili, maana huko ndiko watu wengi wanakoanzia na ndiko wanakopotea. Mtu akiona hatari, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini katika damu. Moyo huenda mbio ili misuli mikubwa ya miguu na mikono ipate damu ya kukimbia au kupigana. Pumzi huwa za haraka na tumbo husokota. Huo si ugonjwa. Ni mwili uleule uliomwokoa mchungaji aliyekutana na chui malishoni. Taabu ni kwamba mwili hautofautishi chui aliye kichakani na chui aliye katika mawazo. Mtu akipumua kwa haraka huku ameketi tu, hutoa hewa ya kaboni nyingi kupita kiasi, na ndipo vidole hufa ganzi, kichwa huzunguka na kifua hubana. Wengi hapo hukata shauri kwamba wanakufa. Wazo hilo huongeza hofu, hofu huongeza pumzi, na pumzi huzidisha ganzi. Wimbi la namna hiyo hufika kilele ndani ya dakika chache kisha hushuka, hata kama mwenyewe hakufanya lolote.

Hata hivyo, maumivu ya kifua ni ya kuangaliwa hospitalini kwanza, si ya kukisia. Ugonjwa wa moyo, upungufu wa damu na tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi vinaweza kuleta dalili zinazofanana na hizi. Mama huyu alifanya vyema kwenda kupimwa mara ya kwanza. Mara ya pili na ya tatu alikuwa akitafuta kitu ambacho mashine ya presha haiwezi kutoa.

Katika miaka ya 1960, daktari wa akili aliyeitwa Aaron Beck, wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania mjini Philadelphia, Marekani, alikuwa akiwasikiliza wagonjwa wenye huzuni kubwa. Aligundua kwamba chini ya maneno waliyokuwa wakimwambia, kulikuwa na mawazo mengine yaliyopita haraka sana, ambayo wagonjwa wenyewe hawakuyatilia maanani. "Hata daktari huyu amenichoka." "Hakuna nitakachoweza." Mawazo hayo hayakuitwa. Yalijitokeza yenyewe, na wagonjwa waliyaamini bila kuyachunguza. Beck akaanza kuwafundisha kuyashika, kuyaandika na kuyapima kama mtu anavyopima habari ya mtaani kabla ya kuisambaza. Njia hiyo ilikua ikaitwa tiba ya mawazo na tabia. Leo hutumiwa kote duniani kwa wasiwasi, hofu na unyogovu, na sehemu zake nyingi hazihitaji dawa wala mashine. Zinahitaji daftari la shule na kalamu.

Msingi wake unaeleweka haraka. Jambo hutokea, wazo hupita, mwili huitikia, na mtu hufanya kitendo. Simu haikushikwa: hilo ndilo jambo. "Amegongwa": hilo ni wazo. Moyo kwenda mbio ni mwili. Kupiga tena mara sita mfululizo ni kitendo. Mtu anayeishi na wasiwasi huona jambo na mwili pekee. Husema, "Hakushika simu, basi moyo ukaenda mbio," kana kwamba kimoja kimezaa kingine moja kwa moja. Wazo lililopita katikati halikuonekana. Na kitendo cha mwisho, ambacho yeye hukiona kama dawa, ndicho kinacholisha ugonjwa.

Hapa inafaa kukaa kidogo. Kila mama anapopiga simu na kijana akashika, anapata nafuu, na akili yake hujifunza kitu kibaya: kwamba amani hupatikana kwa kupiga simu. Kesho yake itadai simu mbili, wiki ijayo sita. Hapati nafasi hata moja ya kuona kwamba wasiwasi ungeshuka wenyewe kama angeuacha. Na kuna jambo lingine ambalo hakuwahi kuliwaza. Kijana anayependa mama yake, simu ikilia, huitoa mfukoni. Huitoa akiwa barabarani, mkono mmoja kwenye usukani, abiria nyuma, lori mbele. Simu ya mama ya kuhakikisha kwamba mwana yuko salama imekuwa mojawapo ya vitu vinavyomweka hatarini.

Mama huyu angeambiwa hivyo angelia, na angekuwa na haki ya kulia. Lakini baada ya kulia angekuwa na mahali pa kushika.

Kazi ya kwanza anayopewa ni kuandika. Si kuandika hisia zake zote, maana hizo hazina mwisho. Anaandika saa, jambo lililotokea, wazo lililopita, na namba kutoka 0 hadi 100 ya jinsi alivyoliamini wazo hilo wakati ule. Kisha anaacha nafasi tupu. Jioni anajaza nafasi hiyo kwa kitu kimoja tu: kilichotokea kweli. Asiyejua kuandika anaweza kumwomba mtoto wa shule amsaidie, au akatumia mawe katika vikopo viwili, kopo moja la utabiri na kopo jingine la yaliyotimia.

Tuseme baada ya wiki mbili daftari linaonyesha kwamba kijana hakushika simu mara 23. Kila mara mama aliandika "ajali", na kila mara aliamini kwa 80 au 90. Nafasi za jioni zinasema: mara 11 alikuwa na abiria, mara 6 betri au mtandao, mara 4 alikuwa amelala, na mara 2 aliiona simu akaamua tu kutoishika. Hizo mara 2 zitaleta mazungumzo yao wenyewe, lakini si ya mazishi.

Daftari halithibitishi kwamba ajali haitatokea kamwe. Anayemwambia mama hivyo anamdanganya, na mama anajua. Linathibitisha jambo dogo zaidi na lenye manufaa zaidi: kutoshika simu si dalili ya ajali. Wazo jipya ambalo mama anaweza kuliandika chini ya lile la zamani si "kila kitu kiko sawa". Ni hili: "Barabara ina hatari. Hakushika simu kwa sababu yuko kazini, na akiwa anaendesha afadhali asishike." Wazo hilo halifurahishi, ila ni la kweli, na mwili huliitikia tofauti.

Baada ya hapo ndipo huja swali lililoupa mazungumzo haya jina. Je, wasiwasi huu una mpini? Jembe lenye mpini hulima. Lisilo na mpini, hata liwe kali namna gani, humkata tu anayelishika. Wasiwasi wenye mpini ni ule ambao kuna kitu mtu anaweza kukifanya leo au wiki hii. Usio na mpini ni ule wa "je, ikiwa", ambao hata mtu akikesha usiku kucha hakuna anachoongeza wala anachopunguza.

Wasiwasi wa mama una sehemu zote mbili, na kuzitenganisha ni nusu ya tiba. Je, kijana ana helmeti inayofunga vizuri, na nyingine ya abiria? Taa ya mbele inawaka? Ana jaketi linaloakisi mwanga usiku? Hubeba abiria mmoja au watatu? Ana leseni na bima? Hayo yote yana mpini. Mama anaweza kuyazungumza naye siku moja akiwa amekula na kutulia, na fedha alizokuwa akimalizia kwenye salio la simu zikasaidia kununua helmeti. Kisha wanakubaliana: atampigia mama saa saba mchana akiwa ameegesha stejini, na jioni anapofunga kazi. Kati ya saa hizo mama hapigi.

Mara za kwanza atateseka. Hilo ni la kusemwa waziwazi, kwa sababu wengi huacha siku ya tatu wakidhani tiba imeshindwa. Kutopiga simu kunapandisha wasiwasi kabla ya kuushusha, kama mtu anayeacha kujikuna upele. Kwa hiyo haanzi na siku nzima. Anaanza kwa kuchelewesha simu kwa dakika thelathini, kisha saa moja, kisha mbili, na kila mara anaandika namba ya wasiwasi mwanzoni na mwishoni. Anapoona kwa macho yake kwamba ulikuwa 90 na ukafika 40 bila simu yoyote, atakuwa amejifunza kitu ambacho hakuna mshauri angeweza kumfundisha kwa maneno.

Na ule mwingine, wasiwasi usio na mpini, mtu aufanyeje? Mwaka 1983 mtafiti Thomas Borkovec na wenzake nchini Marekani walichapisha njia inayochekesha kidogo mtu anapoisikia mara ya kwanza. Mtu hapigani na mawazo. Anayawekea miadi. Anachagua nusu saa moja kwa siku, saa ileile na mahali palepale. Wazo likija saa tatu asubuhi, analiandika kwa neno moja na kulijibu, "Saa kumi na moja jioni." Anarudi kwenye kazi aliyokuwa akifanya. Saa kumi na moja ikifika, anakaa na orodha yake na kuwaza kwa bidii zote, akitafuta suluhu panapowezekana. Nusu saa ikiisha, anainuka.

Mahali pa kufanyia hivyo pasiwe kitandani. Kitanda kikizoea kuwa ofisi ya mawazo, mtu akilala tu akili huanza kazi. Wala isiwe saa ya mwisho kabla ya kulala. Mama wa soko anaweza kukaa kwenye kreti baada ya kufunga biashara, mkulima akakaa chini ya mwembe. Wengi waliojaribu hugundua kwamba jioni ikifika, nusu ya mambo yaliyoandikwa yameshapoteza makali, na mengine hata hawakumbuki kwa nini waliyaandika.

Kuna wanaouliza kama njia hii inapingana na imani. Haipingani. Mtu anayesali na kuacha mzigo wake mbele za Mungu, kisha akainuka na kuendelea na kazi, anafanya jambo lililo karibu sana na hilo. Tofauti hutokea pale sala inapogeuka kuwa kurudia hofu ileile mara hamsini kwa sauti ya chini bila kuinuka. Wachungaji na maimamu wengi wanaujua utofauti huo vizuri, na waumini wao wanaweza kuwauliza.

Mfano wa pili ni mfupi, lakini unagusa nyumba nyingi siku hizi. Kijana mwenye kibanda cha kutengeneza simu amekopa kwenye programu tatu za mikopo. Amechelewa kulipa. Sasa namba yoyote asiyoijua ikipiga, hashiki. Ameanza kuzima simu mchana. Wateja wapya wanampigia hawampati, mapato yanashuka, deni linakua. Kukwepa kumemletea hasara kubwa kuliko ile aliyokuwa akiikwepa.

Tiba ya mawazo na tabia haiji kumwambia kijana huyu kwamba deni lake ni mawazo tu. Deni ni deni. Anayetumia maneno ya saikolojia kumwambia maskini kwamba shida yake iko kichwani anafanya kosa, na wananchi wana haki ya kumkatalia. Kinachochunguzwa ni utabiri unaomfanya azime simu: "Nikishika watakuja kuchukua vitu vyangu, watampigia mama mkwe, nitaaibika mbele ya kijiji." Akiuandika, ataona kwamba sehemu yake ina majibu ya kisheria. Kanuni za Benki Kuu ya Kenya kuhusu wakopeshaji wa kidijitali, za mwaka 2022, zinakataza vitisho na matusi katika kudai deni, na zinakataza mkopeshaji kuwapigia watu waliomo katika orodha ya simu ya mkopaji ili kumwaibisha. Benki Kuu huchapisha majina ya wakopeshaji wenye leseni, na anayetumiwa vibaya taarifa zake binafsi anaweza kulalamika katika Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Yaliyobaki ni karatasi moja: anadaiwa na nani, kiasi gani, tarehe gani, na anaweza kulipa kiasi gani kwa wiki bila watoto kulala njaa. Halafu anapiga simu moja, kwa mkopeshaji mmoja, akiwa ameandika kando anachokitabiri. Baada ya simu anaandika kilichotokea. Pengine atakataliwa kulipa kidogo kidogo. Hata hivyo atakuwa amesikia jibu halisi, na jibu halisi lina mpini.

Hofu ya kupanda matatu, kuingia benki au kukaa kanisani hufuata sheria hiyohiyo. Mtu aliyewahi kushikwa na wimbi la hofu ndani ya matatu huacha kuzipanda, kisha huacha kwenda mjini, kisha kliniki ya watoto humshinda. Njia ya kurudi ni ngazi. Siku kadhaa anasimama tu stejini. Kisha anaingia gari lililosimama na kukaa karibu na mlango. Kisha anasafiri kituo kimoja na mtu anayemwamini, kisha peke yake, kisha viwili. Sharti ni moja: asishuke hofu ikiwa kileleni. Akishuka wakati huo, akili huandika kwamba kushuka ndiko kulikomwokoa. Akingoja mpaka ishuke hata kidogo, huandika jambo jingine kabisa. Katika kungoja huko pumzi husaidia: kuvuta taratibu kwa pua, na kutoa polepole zaidi kuliko alivyovuta, bila kulazimisha. Kahawa nyingi, chai ya rangi kali na miraa huharakisha moyo na kumfanya mtu adhani hofu imeanza. Pombe hutuliza jioni na kudai riba asubuhi.

Wapo watakaosema mambo haya ni ya wazungu wenye muda wa kulala kwenye makochi. Ushahidi wa karibu unasema vingine. Mjini Harare, Zimbabwe, daktari wa akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafunza akina mama wazee, wahudumu wa afya wa mitaani, kuketi na wagonjwa kwenye benchi la mbao nje ya kliniki. Waliwaongoza kutaja matatizo yao, kuchagua moja, na kupanga hatua ya kulikabili. Washona wana neno kwa hali hiyo ya kuwaza kupita kiasi, kufungisisa, na bibi hao walilitumia bila kutafuta majina ya kitabuni. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 uliwafuata watu 573. Baada ya miezi sita, dalili za unyogovu zilibaki kwa takriban watu 14 katika kila 100 walioketi kwenye benchi, na kwa takriban 50 katika kila 100 waliopata huduma ya kawaida. Hapa Kenya, utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulihusu wanawake 518 katika maeneo ya pembezoni mwa Nairobi, wengi wao wakiwa wamepitia ukatili. Wahudumu wa afya ya jamii waliopewa mafunzo mafupi waliwafundisha kwa vikao vitano jinsi ya kutuliza mwili, kushughulikia matatizo, kurudi polepole katika shughuli na kutafuta watu wa kuwaunga mkono. Mpango huo umetayarishwa na Shirika la Afya Duniani, na waliopitia vikao walipungukiwa na mfadhaiko kuliko wale waliopata huduma ya kawaida tu.

Ni kweli kwamba wanasaikolojia katika vituo vya umma ni wachache na wengi wako mijini. Sheria ya Marekebisho ya Afya ya Akili ya mwaka 2022 inazipa serikali za kaunti jukumu la kutoa huduma hizi katika vituo vyao, na mwananchi anayeuliza huduma ya afya ya akili kwenye dirisha la zahanati haombi hisani. Muuguzi au afisa wa kliniki anaweza kumsikiliza, kumpima magonjwa mengine, na kumwandikia barua ya kwenda hospitali ya kaunti ndogo au ya kaunti. Mhamasishaji wa afya ya jamii anayepita nyumbani kupima presha na sukari anaweza kuambiwa pia kuhusu usingizi na mawazo. Wengi hawamwambii kwa sababu hawajaulizwa.

Kuna wakati daftari halitoshi. Wasiwasi ukidumu kwa miezi kadhaa na kumzuia mtu kufanya kazi, kula au kulala, aende kituoni. Akianza kunywa pombe kila siku ili alale, aende. Mama aliyejifungua majuzi ambaye hofu yake haimwachi, apelekwe mapema bila kungoja kliniki ya chanjo. Wapo wanaohitaji dawa pamoja na mazungumzo, na hakuna aibu katika hilo. Aliyeanzishiwa dawa asiziache ghafla kwa sababu jirani amesema zinazoeleka, amuulize aliyemwandikia.

Na mtu akianza kusema kwamba afadhali asingekuwepo, au kwamba watu wake wangepumzika bila yeye, hapo hapangojwi kesho. Asiachwe peke yake. Kemikali za shambani, dawa nyingi na vitu vyenye makali viondolewe karibu naye, na apelekwe hospitali iliyo karibu siku hiyohiyo. Kumuuliza moja kwa moja kama anafikiria kujiua hakumtii wazo hilo kichwani. Wengi huona nafuu kwamba hatimaye mtu ameuliza.

Kuhusu mama na simu yake, mtu wa nyumbani naye ana kazi. Kijana atashawishika kumtumia mama ujumbe wa "niko sawa" kila saa ili asimsumbue. Ni upendo, lakini ni kuulisha wasiwasi kwa kijiko kingine. Linalofaa zaidi ni kutimiza ahadi ya saa saba na ya jioni bila kukosa, na mama akipiga katikati, asubiri hadi ameegesha. Mume au dada aliye nyumbani, badala ya kumwambia "hakuna kitu" mara ishirini, amuulize, "Umeandika? Umeamini kwa ngapi?" Kisha waendelee kuchambua sukuma.

Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya lina namba ya 1199, ambayo ni ya bure. Anayepiga anaweza kuzungumza na mshauri kuhusu hali yake au ya mtu wa nyumbani kwake. Daftari la kurasa 32 linatosha wiki za kwanza, na ukurasa wa kwanza unahitaji mistari mitano tu: saa, jambo, wazo, namba, na kilichotokea.